Fort Clatsop, Astoria: ngome ndogo inayostahili siku nzima

Mtu anayekuja kututembelea hapa Oregon kwa kawaida hupelekwa kwenye maporomoko ya Multnomah na kwenye mlima Hood, kisha hurudishwa Portland akiwa na picha nyingi na habari chache kuhusu nchi aliyoiona. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwashauri wageni wangu waongeze siku moja na kwenda Astoria, mji mdogo wa watu wapatao 10,000 ulioko kwenye mdomo wa mto Columbia, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Portland. Umbali wa kama kilomita 8 kutoka mjini, ndani ya msitu wa miti mirefu isiyopukutisha majani, ipo Fort Clatsop, ngome ya magogo inayokumbusha mahali ambapo msafara wa Lewis na Clark ulikaa majira ya baridi ya mwaka 1805 hadi 1806. Nimeiona ngome hiyo wakati wa jua na wakati wa mvua, nikiwa na watoto na nikiwa na wazee, na ninasema bila kusita kwamba inastahili siku nzima, ila kwa sharti moja: mgeni aingie akiwa na swali la kuuliza.

Kwa msomaji ambaye habari hizi ni ngeni, maelezo mafupi yanatosha. Mwaka 1803 Marekani ilinunua kutoka Ufaransa madai yake juu ya eneo kubwa la Louisiana, magharibi mwa mto Mississippi, na Rais Thomas Jefferson akawatuma Meriwether Lewis na William Clark wapande mto Missouri, wavuke milima, na kutafuta njia ya biashara ya kufika Bahari ya Pasifiki. Waliondoka karibu na St. Louis mwezi Mei 1804, na Novemba 1805 wakafika kwenye mdomo wa Columbia wakiwa watu 33 na mbwa mmoja. Miongoni mwao alikuwemo York, mtumwa wa Clark, na Sacagawea, binti wa Kishoshone aliyetekwa na Wahidatsa akiwa na umri wa miaka kama 12, ambaye kwa wakati huo alikuwa mke wa mkalimani Toussaint Charbonneau na alikuwa amembeba mtoto wake aliyezaliwa Februari ya mwaka huo huo. Tarehe 23 Machi 1806 waliifunga mizigo yao na kugeuka kurudi walikotoka.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni udogo wa ngome yenyewe. Mtu wa pwani akisikia ngome hufikiria Fort Jesus ya Mombasa au Ngome Kongwe ya Zanzibar, zenye kuta nene za mawe zinazotazama bahari; hapa anakuta ua wa mraba ambao kila upande wake ni mita kama 15 tu, wenye safu mbili za vyumba zinazotazamana, vitatu upande huu na vinne upande wa pili, na uzio wa magogo yaliyochongwa ncha ukiziba nafasi zilizobaki. Mpangilio huo aliuchora Clark mwenyewe katika daftari lake la safari lenye jalada la ngozi ya elki, yule kulungu mkubwa wa misitu ya huku, na mchoro huo ndio uliofuatwa na wajenzi. Ngome ya asili iliozea zamani katika unyevu wa msitu, na wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata alama isiyo na shaka ya pale kuta zake ziliposimama. Ngome ya kwanza ya kumbukumbu ilijengwa mwaka 1955, ikaungua usiku wa tarehe 3 Oktoba 2005, wiki chache tu kabla ya maadhimisho ya miaka 200 ya msafara kufika hapo, na hii tunayoiona leo ikafunguliwa Desemba 2006. Ni vema mgeni alijue hili mapema, asije akagusa magogo akidhani Lewis aliyagusa. Anachopata hapa ni vipimo vya kweli, na vipimo hivyo vina mengi ya kusema.

Ingia katika chumba kimojawapo cha askari, na utaona ninachomaanisha. Mlango ni mdogo, ndani kuna giza, na macho huchukua muda kabla ya kuanza kutofautisha vitanda vya mbao vilivyopangwa juu na chini, vyembamba, vimebanana ukutani. Katika vyumba kama hivyo watu wazima, wengi wao wawindaji na askari waliozoea uwanda ulio wazi, walilala, walishona, waliugua na kukaushia nguo zao kwa muda wa siku 106, ambazo kati yake siku 12 tu hazikuwa na mvua, na siku 6 pekee ndizo zilizokuwa na jua safi. Nyama iliwaharibikia kwa sababu hali ya hewa ilikuwa na unyevu bila baridi ya kutosha kuigandisha. Mavazi yao ya ngozi yalioza mwilini. Viroboto waliwanyima usingizi. Walihamia vyumbani siku ya Krismasi ya 1805, na chakula cha sikukuu kilikuwa nyama ya elki iliyokonda na kuanza kuoza, samaki wa kupondwa waliokwisha kuharibika, na mizizi michache. Chumvi hawakuwa nayo. Nilipokuwa ndani ya chumba hicho mvua ikinyesha, nikisikia maji yakipiga paa la mbao na kuona wageni wenzangu wakinyamaza mmoja baada ya mwingine, nilielewa zaidi kuliko nilivyoelewa kutokana na maandishi yoyote. Kwa hiyo ushauri wangu unakwenda kinyume cha ule wa watu wengi: usisubiri jua. Chukua koti la mvua, nenda Novemba au Machi, na utaikuta ngome katika hali yake halisi.

Upande wa pili wa ua ndiko kuliko chumba cha makapteni, na hapo ndipo kazi kubwa ya majira hayo ilifanyika. Lewis alijaza kurasa kwa maelezo ya mimea, ndege na samaki wa nchi hiyo, akiwemo samaki mdogo mwenye mafuta mengi aitwaye eulakoni, aliyemchora kwa mkono wake Februari 1806; Clark alikamilisha ramani ya njia yote waliyopita. Askari nao walishona zaidi ya jozi 300 za viatu vya ngozi aina ya mokasini kwa ajili ya safari ya kurudi. Watoto hupenda chumba hiki kwa sababu ya meza ya kuandikia, na wazee hukipenda kwa sababu ndicho chenye nafuu kidogo.

Sasa nirudi kwenye lile sharti. Mjomba wangu, mzee aliyekulia Ujiji, alikaa kwenye benchi uani, akamsikiliza mhifadhi kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, «Sawa, mjomba, nimewaona waliokaa humu. Na waliokuwa wakiwalisha waliishi wapi?» Mtu wa Ujiji hawezi kuacha kuuliza hivyo, kwa kuwa mji wake hutajwa duniani kote kwa sababu ya siku moja ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na soko, wala mitumbwi, wala watu waliompa Livingstone nyumba na chakula. Swali la mjomba ndilo swali ambalo kila mgeni anapaswa kuingia nalo Fort Clatsop, na ngome peke yake haiwezi kulijibu, kwa kuwa imejengwa kuonyesha mahali wageni walipolala na si mahali wenyeji walipoishi.

Waliowalisha waliishi karibu tu. Waclatsop walikuwa na vijiji vyao kando ya bahari na mto upande wa kusini, jamaa zao Wachinook walikaa upande wa kaskazini, na Wacathlamet juu kidogo ya mto. Wote wakiwa na nyumba kubwa za mbao za mwerezi na mitumbwi iliyokuwa ikivuka mawimbi ambayo msafara haukuthubutu kuyakaribia. Novemba 1805, msafara ulipokwama siku kadhaa ufukoni kwa sababu ya dhoruba, mahali panapoitwa Dismal Nitch, ni Wacathlamet waliokuja kwa mtumbwi katikati ya mawimbi hayo hayo, wakawauzia samaki 13, kisha wakaendelea na safari yao. Clark mwenyewe aliandika kwa mshangao juu ya umahiri wao majini. Tena ni wenyeji waliowaambia kwamba upande wa kusini wa mto kulikuwa na elki wengi, na habari hiyo ndiyo iliyoufanya msafara uvuke na kujenga pale ulipojenga. Majira yote hayo watu walifika ngomeni wakiwa na viazi vya majini viitwavyo wapato, samaki, mbwa wa kuchinjwa, mikeka na vikapu. Wanawake wa Kiclatsop waliwasukia hata kofia zisizopenya maji, kwa vipimo vya vichwa walivyopelekewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa zaidi ya miezi mitatu, na wenyeji wakaendelea kuja na vikapu vyao, ingawa tangu Januari 1806 kulikuwa na amri kwamba jua likitua kila mwenyeji atoke na lango lifungwe. Lango hilo lipo katika ngome iliyojengwa upya. Ninapowapeleka wageni huwaomba wasimame kwanza upande wake wa nje, waangalie jinsi ilivyo karibu na msitu, ndipo waingie.

Katika suala la biashara, msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wageni wengi wa mahali hapa hawana. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilijua vizuri kwamba ushanga wa rangi isiyopendwa na watu wa njiani ni mzigo usiofaa kitu, na kwamba nguo za merikani, zilizofikishwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa na thamani pale tu walipozikubali wenye soko. Columbia ilikuwa vivyo hivyo. Nahodha Robert Gray aliingia mtoni humo tarehe 11 Mei 1792 na meli yake Columbia Rediviva, na meli nyingine zikafuata kutafuta ngozi za fisi-maji wa baharini zilizouzwa kwa bei kubwa nchini China. Kwa hiyo Lewis na Clark walipofika, wenyeji walikuwa na masufuria ya shaba, bunduki, makoti ya mabaharia na maneno kadhaa ya Kiingereza, na walijua bei. Walichokitaka ni ushanga wa buluu, na msafara ulikuwa umebakiwa na kidogo mno. Tarehe 20 Novemba 1805 makapteni walivutiwa na vazi zuri lililotengenezwa kwa ngozi mbili za fisi-maji; mwenye vazi alikataa kila walichompa, mpaka ulipotolewa mkanda wa ushanga wa buluu aliokuwa ameuvaa Sacagawea. Vazi likawa lao, na yeye akapewa koti la kitambaa cha buluu. Nikiwa na wageni kutoka nyumbani, hiki ndicho kisa kinachowafanya waanze kuuliza maswali, kwani kila mmoja wao anajua maana ya ushanga kiunoni mwa mwanamke kukabidhiwa kwa amri ya mwanamume mwingine.

Sacagawea na York wanastahili kufikiriwa kwa utulivu mnapokuwa hapo, na nasema hivi nikijua kwamba majina yao yamekuwa mapambo katika hotuba nyingi. Tarehe 24 Novemba 1805, upande wa kaskazini wa mto, kila mmoja aliulizwa wakae wapi majira hayo ya baridi, na maoni ya York yaliandikwa pamoja na ya wengine, na ya Sacagawea pia. Waongozaji hulitaja jambo hilo kwa fahari, na kweli si dogo kwa wakati ule. Lakini waliporudi, askari walilipwa mshahara maradufu na kupewa ardhi, Charbonneau akapokea dola 500 na senti 33, Sacagawea hakupewa chochote, na York hakupewa malipo wala uhuru. Alibaki mtumwa wa Clark kwa miaka mingi baadaye, ametenganishwa na mkewe aliyekuwa Louisville. Sisi tuliofundishwa majina ya Chuma, Susi na Sidi Mubarak Bombay, Waafrika waliowatumikia wavumbuzi wa Kizungu, tunaifahamu sura hii ya safari za uvumbuzi, na nadhani ndiyo maana mjomba alisimama muda mrefu zaidi mbele ya jina la York kuliko mbele ya mengine yote.

Safari ya Fort Clatsop haikamiliki bila kufika Seaside, mji wa mapumziko ulioko kusini, ufukoni, ambako msafara ulichemsha maji ya bahari ili upate chumvi. Mahali penyewe pako katikati ya mtaa wa makazi, na asiyejua hupita bila kuona: tanuri la mawe lililojengwa upya, refu kuliko mtu aliyelala, limewekewa uzio, na nyumba za watu zikiwa kushoto na kulia. Kuanzia Januari 1806 hadi Februari watu wachache walikaa hapo na masufuria 5, wakiukoleza moto usiku na mchana, na wakapata zaidi ya lita 100 za chumvi. Kinachonigusa ni jinsi mahali hapo palivyojulikana. Mwaka 1900 kamati ya wanahistoria wa Oregon ilioneshwa rundo la mawe yaliyoungua na bibi wa Kiclatsop, Jenny Michel, ambaye kwa jina la kwao aliitwa Tsin-is-tum, naye alikuwa amepokea habari zake kutoka kwa mama yake. Kumbukumbu ya familia moja ya wenyeji ndiyo iliyoihifadhia Marekani sehemu hiyo ya historia yake. Ni dakika chache za kutazama, hakuna kiingilio, na ningependa kila mzazi aende na wanawe.

Ukiendelea kusini utafika Cannon Beach, ambako Januari hiyo hiyo nyangumi alikuwa ametupwa pwani na wenyeji wakamkata kwa utaratibu wao. Clark alikwenda na kundi dogo kununua shahamu na mafuta. Sacagawea alidai kwenda pia, akisema kwamba ametembea mwendo mrefu mno kuja kuona maji makubwa, na kwamba haikuwa haki azuiwe kuyaona, pamoja na samaki huyo wa ajabu. Alikwenda. Walifika wakakuta mifupa tu imebaki, na Clark akanunua kwa shida ratili kama 300 za shahamu kutoka kwa wenyewe. Ufuko wenyewe hauhitaji kusifiwa nami. Umepigwa picha za kutosha.

Kuna jambo moja ambalo mgeni asipolisikia atakuwa ameisikia nusu tu ya habari za ngome hii. Machi 1806 msafara ulihitaji mitumbwi ya kurudia, na bei ya Waclatsop, ambao mtumbwi kwao ulikuwa mali ya heshima, ilikuwa juu kuliko uwezo wa wageni. Wakaamua kuchukua mmoja bila ridhaa ya mwenyewe, wakijitetea kwamba wenyeji walikuwa wamechukua nyama ya elki wao wakati wa baridi, na hali Februari mtu wa Kiclatsop alikuwa ameshafika ngomeni na mbwa watatu kuwa fidia ya nyama hiyo. Siku chache baadaye wakamwachia ngome yote chifu Coboway wa Waclatsop, ambaye walikuwa wameandika kwamba amewatendea wema kuliko mwenyeji mwingine yeyote. Mwaka 2011 wazao wa William Clark waliwakabidhi Wachinook, jamaa za Waclatsop, mtumbwi mpya, kwa kukiri deni la miaka 205. Kisa hiki muulize mhifadhi yeyote utakayemkuta, nawe utaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Mjini Astoria kwenyewe, ambako watu wa John Jacob Astor walijenga kituo cha biashara ya ngozi mwaka 1811, miaka mitano tu baada ya msafara kuondoka, vipo vya kutazama vingi, na Makumbusho ya Bahari ya Columbia yanahitaji siku yake. Kwa anayefuata habari hii, mahali pa kupanda ni kilima cha Coxcomb, penye mnara uitwao Astoria Column. Ulijengwa mwaka 1926, una kimo cha mita kama 38, na ngazi zake 164 si mchezo kwa mtu mzima. Ukutani, picha zilizochorwa kuuzunguka kuanzia chini hadi juu zinasimulia Gray, Lewis na Clark, na mwisho kufika kwa reli. Ni kazi ya ufundi mkubwa, ila inasimulia kama watu wa 1926 walivyopenda isimuliwe, yaani wenyeji wapo mwanzoni na kisha wanapungua kadiri unavyopanda kwa macho.

Usiondoke kilimani kabla ya kutazama mtumbwi wa zege ulioinuliwa karibu na mnara, kwa kuwa wengi huupita. Ni kumbukumbu ya Comcomly, chifu wa Wachinook aliyekutana na makapteni mwaka 1805 na baadaye akawa mshirika wa wafanyabiashara wa Astoria. Alifariki mwaka 1830. Miaka mitano baadaye daktari mmoja alilifukua kaburi, akakata kichwa na kukipeleka Uingereza kwa ajili ya uchunguzi. Fuvu lilirudishwa Marekani mwaka 1953 na halikuzikwa mpaka 1972. Mtanzania yeyote atakayesoma habari hiyo pale mlimani atamkumbuka Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954 na sasa liko Kalenga, karibu na Iringa. Taifa la Chinook hadi leo linadai kutambuliwa na serikali kuu ya Marekani: lilitambuliwa mwaka 2001, na uamuzi huo ukafutwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo habari za Fort Clatsop hazijawa historia iliyokwisha, na anayezungumza na watu wa hapo atalibaini hilo haraka.

Kuhusu huduma, nina sifa zaidi kuliko malalamiko. Kiingilio ni dola 10 kwa mtu mzima, walio chini ya miaka 16 hawalipi, na tiketi hutumika kwa siku 7, hivyo aliyekuja mvua ikamzidi anaweza kurudi kesho yake. Wahifadhi wana subira na hawakimbii maswali magumu. Katika miezi ya kiangazi huvaa mavazi ya wakati ule na kuonyesha namna ya kufyatua bunduki za gumegume, kutengeneza mishumaa kwa mafuta ya mnyama na kulainisha ngozi. Onyesho la gumegume linafaa kutazamwa kwa makini hata na asiyependa silaha: baruti hupimwa, risasi hushindiliwa, jiwe hukaguliwa, na mpaka mlio utakapotoka mgeni ameshaelewa kwa nini mwindaji aliyekosa shabaha kwenye mvua alirudi mikono mitupu. Watoto hupewa kijitabu cha mazoezi na hula kiapo cha mhifadhi mdogo wakikimaliza. Kutoka maegeshoni hadi ngomeni ni mwendo mfupi ambao wazee wanaumudu, na wenye nguvu wanaweza kufuata njia ya miguu ya kilomita kama 10 inayokatiza msitu na vinamasi hadi ufuko wa Sunset Beach. Chakula ni bora mbebe chenu. Gari binafsi ni lazima, au angalau rafiki mwenye gari.

Wengi huanza na ngome; mimi nashauri safari ianze kaskazini. Vukeni kwanza daraja la Astoria-Megler, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, mpaka upande wa Washington; simameni Dismal Nitch mtazame upana wa mto na nguvu ya maji yake, kisha mwende Middle Village, mahali kilipokuwa kijiji cha Wachinook cha biashara na ambapo msafara ulipiga kambi mwezi wa Novemba. Wataalamu waliochimba hapo, wakati barabara ilipokuwa ikipangwa kuhamishwa, walikuta bidhaa nyingi za biashara na mabaki ya watu, na mipango ikabidi ibadilishwe. Hapo mtu anasimama kwanza nyumbani kwa mwenyeji, ndipo anarudi kusini kuitazama kambi ya mgeni.

Na anayebakiwa na nafasi siku ya pili, wakati wa kurudi, apitie Ridgefield, Washington, kaskazini mwa Portland, ambako nyumba ya mbao za mwerezi ya kijiji cha Cathlapotle ilijengwa upya mwaka 2005. Lewis na Clark walikizuru kijiji hicho wakiwa njiani kurudi, Machi 1806. Nyumba hiyo ina urefu wa mita kama 24 na upana wa mita 11, maana yake nyumba moja tu ya wenyeji inaizidi kwa ukubwa ngome yote ya Fort Clatsop pamoja na ua wake. Haifunguliwi kila siku, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuondoka.